Mtoto Anayekunywa Maji Sana
Mazungumzo kwa wamama wa kilinike juu ya ugonjwa wa sukari kwa watoto

Maneno haya tuliyasema mbele ya wamama siku ya kupima kilo. Tumeyaandika ili yule asiyekuwapo ayasome, ao asomewe na mtoto wake wa shule.

Leo sitasema juu ya mtoto uliyemubeba mgongoni. Nitasema juu ya wale uliowaacha nyumbani: yule wa miaka 6 aliyebaki na nyanya yake, na yule wa miaka 12 anayechota maji. Hao walikwisha acha kupanda kwenye mizani yetu. Toka walipomaliza miaka 5 hakuna karatasi ya kilo, hakuna muuguzi anayewatazama kila mwezi. Jicho linalobaki ni lako, mama. Na ugonjwa ninaotaka kuwaambia unapenda kuanza katika miaka hiyo: mara nyingi kati ya 5 na 7, tena kati ya 10 na 14. Mtoto mudogo zaidi anaweza kuupata pia, lakini si mara nyingi.

Ni ugonjwa wa sukari. Najua mnawaza nini. Mnawaza mzee mnene, mwenye biro na gari, ambaye munganga alimukataza bia. Ndiyo, huo uko. Lakini wa watoto ni wa namna nyingine. Mtoto hakuupata kwa sababu alikula sukari nyingi. Hakuupata katika maziwa yako. Hauambukizi, basi wanaweza kulala kitanda kimoja na kula sahani moja. Wala jirani hakumutupia kitu. Nyuma ya mfuko wa chakula tumboni kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza dawa ya mwili inayoitwa insulini. Kwa mtoto huyu, askari wa mwili wake mwenyewe wamekosea adui, wamekipiga kiungo hicho mpaka hakitoi insulini tena.

Insulini inafanya kazi gani? Ukila fufu, ndizi ao viazi, tumbo linavigeuza kuwa sukari, na damu inaichukua. Lakini sukari haiwezi kuingia ndani ya nyama ya mwili bila insulini kuifungulia. Waza lori lililojaa mihogo, limefika mbele ya depo, na mwenye ufunguo hayuko. Mihogo inajaa barabarani, na watu wa ndani wanakufa njaa. Ndivyo mtoto huyu anavyokula sana na kukonda sana.

Sukari ikizidi katika damu, ikipita karibu miligramu 180 katika desilita moja, mafigo hayawezi kuizuia tena. Inatoka pamoja na mkojo, na inavuta maji mengi. Mtoto anakojoa, anakauka, anasikia kiu, anakunywa, anakojoa tena. Wamama wanakuja kutuambia: «Munganga, uyu mutoto anakunywaka mayi mingi, ata usiku anaamukaka kutafuta mayi.» Mama anayesema hivi amekwisha kutupa nusu ya jibu.

Sasa sikieni neno moja ambalo wengi wanalipita bila kulitazama. Mtoto aliyekuwa amekwisha acha kukojoa kitandani, tena kwa miaka miwili ao mitatu, anaanza upya. Kwetu anachekwa. Ndugu zake wanamuimbia, pengine anachapwa, na jioni wanamunyima maji ya kunywa. Mama, usimuchape. Na usimunyime maji hata kidogo, sababu maji hayo ndiyo yanayomushikilia. Mtoto wa miaka 8 hawi mvivu kwa siku moja. Uliza kwanza: je, mchana pia anakojoa sana? Je, nguo zake zimekuwa kubwa juu yake? Je, anaachwa nyuma na wenzake njiani kwenda masomo?

Wengine wameona sisimizi wakikusanyika mahali mtoto alipokojoa. Ni kweli, wanafuata sukari. Waganga wa Uhindi waliona jambo hilo zamani sana. Ukiwaona, kuja mbio. Lakini usiwangojee sisimizi. Mvua ikinyesha hawatakuja, na ugonjwa uko pale pale.

Tukiukosa ugonjwa katika siku hizo za kwanza, mwili unaanza kula mafuta yake wenyewe sababu hauwezi kutumia sukari. Mafuta hayo yakiungua hivyo yanatoa asidi, na asidi inaharibu damu. Ndipo mtoto anaanza kutapika. Tumbo linamuuma. Anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, hata akiwa amelala. Kinywa chake kinanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, ao kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Kisha anasinzia, na ukimuita hakujibu vizuri. Toka kiu ya kwanza mpaka hapo inaweza kuwa majuma machache. Kwa mtoto mudogo, siku chache tu. Aliyefika hapo anakufa kama hakupata insulini na maji ya serumu hospitalini.

Na hapa ndipo tunapowapoteza. Mtoto anatapika, amechoka, amelala. Sisi sote tunasema nini? Malaria. Katika inchi yetu neno hilo linakuja mbele ya mengine yote, na mara nyingi ni la kweli. Tunachoma kidole, na kipimo kinaonyesha malaria. Basi tumemaliza? Hapana! Katika sehemu zetu watoto wengi wana vidudu vya malaria katika damu hata siku wanapocheza mpira. Kipimo kinaweza kusema malaria iko, lakini hakiwezi kusema hakuna kitu kingine. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Malaria haimufanyi mtoto akunywe bido nzima na kujaza ndoo usiku kucha.

Wengine wanasema ni minyoo, sababu ya tumbo. Wengine ni kifua, sababu ya kupumua. Na wengi, hasa upande wa Bukavu na vijiji vyake, wakimuona mtoto anakonda huku anakula, wanasema amekula sumu, ile wanayoita karuho, na wanamupeleka kwa mfumu ili atapishwe. Mama mpenzi, mtoto huyu amekwisha kukauka. Dawa ya kutapisha inamutoa maji yaliyobaki. Sibishani leo nani anamuchukia nani katika kijiji. Nasema tu: pima damu mbele ya kumutapisha.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko hofu yetu. Tone moja la damu ya kidole, mashine inayoenea katika kiganja cha mkono, na jibu kwa dakika isiyozidi moja. Wanganga wanakiita glisemi. Likamateni neno hilo, wamama. Ukifika kituo cha afya na mtoto mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, ao mtoto yeyote aliyesinzia kwa ugonjwa, sema kwa heshima lakini usiogope: «Naomba mumupime glisemi.» Kama hawana mashine, waulize kijiti cha kupima mkojo. Kama nacho hakuna, waombe barua ya kukutuma hospitali siku hiyo hiyo, si siku ya soko. Mtoto mzima mbele ya kula ana sukari kati ya 70 na 100. Ikifika 126 ao zaidi asubuhi mbele ya kula, ao ikifika 200 ao zaidi saa yoyote pamoja na dalili nilizosema, ni ugonjwa wa sukari.

Tena omba kipimo hicho mbele ya serumu kutundikwa. Kuna serumu yenye sukari na serumu yenye chumvi. Mtoto wa malaria kali anaweza kuishiwa sukari, na ile ya kwanza itamuokoa. Mtoto wetu huyu amejaa sukari. Ukimuongezea kabla ya kujua, unamwaga mafuta ya taa juu ya moto. Kwa macho huwezi kuwatambua, wote wawili wamelala kimya. Tone la damu ndilo linalowatenganisha.

Basi munganga amesema ni ugonjwa wa sukari. Mama analia, na ninamuacha alie. Kisha ninamuelezea hivi. Mbele ya mwaka 1922 watoto wote wenye ugonjwa huu walikufa, hata watoto wa matajiri wa Ulaya na Marekani. Waganga waliwanyima chakula ili waishi miezi michache zaidi, na walibaki mifupa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto huko Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini katika kongosho za wanyama. Mwezi wa kwanza wa 1922 kijana mmoja wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa dawa hiyo, naye aliishi miaka 13 zaidi. Leo insulini ni safi kuliko ile, na mtoto anayeipata kila siku anaweza kusoma, kuoa na kuzeeka.

Lakini ni kila siku. Sindano mbili ao zaidi kwa siku, siku zote za maisha yake. Vidonge vya wazee wa sukari havimufai mtoto huyu. Majani hayamufai, hata yale machungu sana. Kongosho imeharibika, lazima umupe kila siku kile ambacho haiwezi tena kutengeneza.

Nataka nikae kidogo hapa. Majuma ao miezi ya kwanza nyuma ya kuanza sindano, watoto wengi wanapata nafuu kubwa. Kongosho iliyobaki kidogo inapumzika na kutoa insulini tena, na hitaji la dawa linashuka sana. Mtoto ananenepa, anacheka. Watu wanasema: «Amepona! Acheni kumutesa na sindano.» Wakati huo haudumu. Unaisha kwa kila mtoto, na hautupigii hodi.

Tulikuwa na kijana wa miaka 11, mtoto mwenye akili, aliyekuwa akijichoma mwenyewe bila kuogopa. Katika wakati ule wa nafuu walimupeleka chumba cha maombi, na huko waliambiwa kuwa sindano ni kukosa imani. Walimusimamisha mbele ya watu siku ya Yenga, akatoa ushuhuda wa kupona. Mama yake alitupa chupa chooni. Walipomurudisha kwetu alikuwa anapumua ile pumzi ya mlima, na hakuona asubuhi. Mimi ni mtu wa kanisa, nasali na wagonjwa kila asubuhi mbele ya kazi, na nitaendelea. Lakini sijasoma popote katika Biblia ya kuwa mtu akiomba mkate wa kila siku, imani yake inamukataza kuupika. Ombeni na muchome. Kama mchungaji wako anasema vingine, muambie aje tuzungumze naye. Wengi wamekuja, na tumepatana.

Sasa tuingie nyumbani. Neno la kwanza wanaloniuliza ni frigo. «Sisi hatuna hata moto wa umeme, tutaiweka wapi?» Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine. Katikati yao jaza mchanga, uumwagie maji asubuhi na jioni. Chupa za insulini zitie katika mfuko usiopitisha maji, ziweke katika chungu cha ndani, funika na kitambaa chenye maji. Mahali pawe kivulini penye upepo, mbali na mafiga. Maji yanapokauka yanachukua joto pamoja nayo. Ikiwa una frigo, usiiegemeze chupa kwenye barafu; insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka. Chupa ukiifungua, usiitumie kupita majuma 4. Na njiani toka hospitali, nawaomba, msiifunge ndani ya kitenge kiunoni pamoja na franka. Najua ndipo tunapoficha kila kitu cha bei, lakini mwili una joto la 37, na pikipiki juani inaongeza. Ifunge katika kitambaa chenye maji ndani ya mfuko.

Insulini nyingine ni nyeupe kama maziwa. Hiyo uizungushe taratibu kati ya viganja mara 10 ao 20, usiitikise kama chupa ya sirapu. Ikibaki na mabonge, ao iliyokuwa angavu ikawa na mawingu, usiitumie. Na seringi ni ya insulini tu: chupa iliyoandikwa 100 inataka seringi iliyoandikwa 100. Seringi ya dawa nyingine haina alama zake, na kosa dogo hapo ni kubwa kwa mtoto. Nawa mikono. Kunja ngozi ya paja, ya tumbo ao ya tako, choma chini ya ngozi, hesabu polepole mpaka 10 ndipo utoe. Kesho chagua mahali pengine, sababu pahali pamoja pakichomwa sana panakuwa gumu na dawa haiingii vema. Sindano ya mtoto huyu si ya mtu mwingine, hata pacha wake. Zilizotumiwa zitie katika mkebe wenye kifuniko, uturudishie sisi.

Chakula ni chepesi kuliko mnavyofikiri. Hana chungu chake peke yake. Ale fufu ao bugali ya nyumbani, na sombe, lengalenga, maharagi, sambaza ukizipata. Kinachotakiwa ni saa zile zile na kipimo kile kile cha fufu, na sahani isikose nyuma ya sindano. Chai bila sukari. Fanta ni ya siku ya hatari tu, na hatari hiyo nitaisema sasa.

Insulini ikizidi chakula, sukari inashuka chini ya 70. Mtoto alichoma lakini hakula, ao alilima na kukimbia kuliko siku zingine. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anasikia njaa kali, anakuwa mkali bila sababu, maneno yake yanapotea kama mlevi. Hapa hakuna kungoja. Mtoto mudogo mupe vijiko vidogo 2 vya sukari katika maji kidogo, mkubwa vijiko 3 ao 4, ao nusu ya chupa ya Fanta. Ngoja robo ya saa. Kama hajarudi vizuri, rudia. Kisha ale chakula. Akiwa hawezi kumeza, usimumwagie maji kinywani, yataingia katika mapafu. Mulaze kwa ubavu, paka sukari yenye maji kidogo ao asali ndani ya shavu lake, na watu wamubebe hospitali. Kama hujui ni sukari imepanda ao imeshuka, na huna mashine, mupe sukari. Ile ya juu inatuachia saa kadhaa. Ile ya chini inaweza kumaliza mambo upesi sana.

Kwa hiyo mwalimu wake ajue. Nenda wewe mwenyewe masomoni, usitume barua. Muambie: mtoto huyu ana karatasi ndogo ya sukari mfukoni, si mwizi wala mlafi, akiomba kutoka kukojoa umuruhusu, akitetemeka usimupige, umupe sukari yake, na asiachwe kurudi nyumbani peke yake. Nyanya yake pia ajue, na jirani wa karibu. Mama mmoja hawezi kuwa macho siku zote.

Akiwa mgonjwa wa kitu kingine, malaria ao kuhara, usisimamishe insulini kwa kusema «leo hakula». Ugonjwa unapandisha sukari hata bila chakula. Kipimo cha dawa kinaweza kubadilika, na ndiyo sababu unakuja kwetu siku hiyo hiyo. Kuacha kabisa, hapana. Mupe maji mara kwa mara. Akitapika mara mbili, usingoje ya tatu.

Juu ya bei, sitawadanganya: ni mzigo. Baba ajue toka siku ya kwanza ya kuwa si dawa ya juma moja. Mwaka 2009 ulianza mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children kwa kusaidia watoto wa inchi maskini kupata insulini, na Kongo ilikuwa kati ya inchi za kwanza. Kwa hiyo uliza katika hospitali kama kuna msaada wa watoto upande wenu mbele ya kuuza mbuzi ao shamba. Na usipunguze uniti kwa siri ili chupa idumu. Tuambie kama pesa imekwisha, tutafute pamoja.

Siku ile ya mazungumzo mama mmoja alikaa mpaka wenzake walipokwisha toka, kisha akaniuliza polepole: «Ni binti. Ataolewa? Atazaa?» Nilimujibu ndiyo. Binti mwenye ugonjwa wa sukari anaolewa na anazaa. Lakini muchumba aelezwe mbele ya harusi, sindano zisiwe kitu cha kuficha chini ya kitanda. Na atakapotaka mimba aje kwetu kwanza, kabla haijaingia, ili sukari yake ikae vizuri katika majuma yale ya mwanzo mtoto anapoumbwa tumboni. Akizaa, azalie hospitali, si nyumbani. Maziwa yake ni mazuri kama ya mama mwingine, anyonyeshe. Ila wakati wa kunyonyesha sukari inaweza kushuka, basi akae na kitu cha kula karibu naye.